Mbolea ya Ruzuku: Mkulima Mdogo Hufaidika Lini?

Kila mwaka mvua ya masika inapokaribia, swali moja husikika sokoni, kwenye vituo vya bodaboda na katika mabaraza ya machifu: mbolea ya ruzuku imefika? Kwa mkulima mwenye ekari moja au mbili, jibu la swali hilo linaweza kuamua kama nyumba yake itakula mahindi ya shambani hadi msimu ujao, au itaanza kununua unga mapema.

Hata hivyo, bei nafuu ya mbolea haijawahi kuwa hakikisho la mavuno mema. Nchi kadhaa za Afrika zimetoa ruzuku ya pembejeo kwa miaka mingi, na watafiti wamefuatilia matokeo yake shambani. Yaliyopatikana Malawi, Tanzania, Zambia, Msumbiji na hapa Kenya yanaonyesha kwamba faida ya ruzuku hutegemea mambo manne: nani ameipokea, imefika lini, imetiwa kwenye udongo wa aina gani, na mkulima anajua nini kuhusu matumizi yake. Somo hili linaeleza mambo hayo moja baada ya jingine, ili wakazi na vikundi vya wakulima wayajadili kabla ya msimu kuanza.

RUZUKU NI NINI, NA ILIANZAJE?

Ruzuku ni sehemu ya bei ambayo Serikali humlipia mkulima kutoka hazina ya umma. Mkulima akinunua mfuko wa mbolea kwa Sh2,500 ilhali gharama yake halisi ni kubwa kuliko hiyo, tofauti hulipwa na mlipa kodi. Kwa hivyo kila mkazi, hata asiyelima, ana haki ya kuuliza kama fedha hizo zimezaa matunda.

Baada ya uhuru, serikali nyingi za Afrika ziliuza mbolea kwa bei ya chini kupitia bodi na mashirika ya umma. Katika miaka ya 1980 na 1990 mipango hiyo ilipunguzwa au kufutwa, kwa kuwa ilikuwa imeelemea bajeti na wakopeshaji wa kimataifa walishinikiza ifutwe. Kenya ililegeza udhibiti wa biashara ya mbolea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wafanyabiashara binafsi waliingia, maduka ya pembejeo yakafunguliwa hata katika vituo vidogo, na kati ya 1997 na 2007 umbali ambao mkulima mdogo alisafiri kufikia duka la mbolea ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Mnamo Juni 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, na kukubaliana kwamba matumizi ya mbolea yapandishwe kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 kufikia 2015. Kilo 50 za virutubisho si sawa na mfuko wa kilo 50. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una takriban kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Uzito unaobaki si virutubisho hivyo. Nchi nyingi hazikufikia lengo hilo, lakini azimio la Abuja lilirudisha ruzuku kwenye meza za mawaziri wa fedha.

Hapa Kenya, mwaka 2007 kulianzishwa mpango wa kuwapa wakulima maskini pembejeo za kutosha ekari moja: kilo 10 za mbegu bora za mahindi na kilo 100 za mbolea, nusu ya kupandia na nusu ya kukuzia. Mwaka uliofuata bei ya mbolea duniani ilipanda sana, na Serikali ikaanza kuuza mbolea ya bei nafuu kupitia Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB. Bei ilipopanda tena kufuatia vita vya Ukraine, Serikali ya Kitaifa ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500 mnamo Septemba 2022, kisha hadi Sh2,500 mwaka 2023.

MALAWI: GHALA LILIJAA, BAJETI IKALEMEWA

Mfano unaotajwa zaidi barani ni wa Malawi. Mavuno ya 2005 yalikuwa mabaya sana. Nchi ilivuna takriban tani milioni 1.2 za mahindi, na mamilioni ya watu wakahitaji chakula cha msaada. Serikali ya Rais Bingu wa Mutharika iliamua kutoa vocha za mbolea na mbegu kwa wakulima wadogo kuanzia msimu wa 2005/06, ingawa baadhi ya wafadhili hawakuunga mkono uamuzi huo. Mavuno ya 2006 yalipanda hadi takriban tani milioni 2.6, na ya 2007 yakapita tani milioni 3 kwa hesabu za serikali. Malawi, iliyokuwa ikiomba chakula, ikauza mahindi nje.

Ruzuku ilichangia mafanikio hayo, na mvua nzuri ilichangia pia. Tofauti ilionekana baadaye. Mwaka 2016, baada ya ukame ulioletwa na El Niño, zaidi ya watu milioni 6 nchini Malawi walihitaji msaada wa chakula, ingawa mpango wa ruzuku ulikuwa bado unaendelea. Mbolea haiwezi kuchukua nafasi ya mvua.

Gharama nayo ilikua haraka. Katika msimu wa 2008/09, bei ya mbolea duniani ilipopanda huku mkulima akilipa takriban sehemu moja ya kumi tu ya bei, mpango huo ulimeza takriban asilimia 16 ya bajeti yote ya taifa. Shilingi inayolipia mbolea haiwezi kulipia pia afisa wa kilimo, barabara ya kufikia soko au mfereji wa kunyunyizia maji. Mwaka 2020 mpango ulibadilishwa jina na kupanuliwa ili kuwafikia wakulima wengi zaidi. Baadaye idadi ya wanufaika ilibidi ipunguzwe kwa sababu fedha hazikutosha.

Wengi hudhani pia kwamba ruzuku hushusha sana bei ya unga kwa wanunuzi. Utafiti uliofanywa Malawi ulikadiria kwamba kuuongeza mpango huo mara mbili kungeshusha bei ya mahindi kwa asilimia 1.2 hadi 2.5 pekee. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu wakulima wadogo wengi wenyewe hununua mahindi kabla ya mavuno kufika. Faida kubwa hubaki kwa yule aliyepata mbolea. Kwa hivyo swali la nani aliyeipata lina uzito mkubwa.

JAMBO LA KWANZA: NANI AMEPOKEA?

Lengo la ruzuku ni kumfikia mkulima ambaye bila msaada hangenunua mbolea. Vocha ikienda kwa mtu ambaye tayari alikuwa ananunua mbolea dukani, yeye huokoa pesa zake lakini shamba lake halipati mbolea zaidi. Duka la pembejeo nalo hupoteza mteja.

Watafiti waliofuatilia wakulima wa Malawi walikadiria kwamba kila kilo 100 za mbolea ya ruzuku zilipunguza ununuzi wa kawaida kwa takriban kilo 22. Miongoni mwa wakulima maskini zaidi upungufu ulikuwa kilo 18, na miongoni mwa wenye uwezo kiasi ulifika kilo 30. Maana yake ni rahisi: vocha ikimwendea maskini, mbolea inayofika mashambani kwa jumla huwa nyingi zaidi. Nchini Zambia ilionekana kwamba wenye mashamba makubwa walipata mgao mkubwa kuliko wenye vipande vidogo. Upungufu wa ununuzi wa kawaida unatarajiwa kuwa mkubwa zaidi mahali ambapo wakulima wengi walikuwa wamezoea kununua mbolea wenyewe, kama ilivyo katika sehemu kadhaa za Kenya zenye mvua ya kutosha.

Hata kamati za kijiji haziponi. Tanzania ilipoendesha mpango wa vocha kuanzia msimu wa 2008/09, kamati zilizochaguliwa na wanakijiji zilipewa kazi ya kuteua wanufaika. Utafiti uliofanywa katika mkoa wa Kilimanjaro ulibaini kuwa asilimia 60 ya vocha katika vijiji vilivyochunguzwa zilikwenda kwa nyumba za viongozi waliochaguliwa wa vijiji hivyo. Hakuna aliyevunja ghala. Orodha iliandikwa na watu wachache, na majirani hawakuisoma.

Dawa ya tatizo hilo haina gharama kubwa. Orodha ikisomwa barazani na kubandikwa mahali pa wazi, kila mtu anaweza kuona jina la mjane mwenye nusu ekari limo au halimo. Kuna pia suala la usajili. Simu na kitambulisho vilivyosajiliwa vikiwa vya mume, ilhali anayelima ni mke, ujumbe wa mbolea unaweza kuingia kwenye simu iliyo mjini huku shamba likisubiri kijijini. Ni vyema nyumba iamue mapema nani atasajiliwa, na mtu huyo awe ndiye anayeshika jembe.

JAMBO LA PILI: IMEFIKA LINI?

Mbolea ya kupandia ina siku zake. Ikifika mahindi yakiwa yameshafika magotini, haina faida kubwa msimu huo, hata ikitolewa bure.

Utafiti uliofanywa katika eneo la Busia, magharibi mwa Kenya, ulionyesha uzito wa wakati kwa namna nyingine. Wakulima wengi walisema walitaka kutumia mbolea, lakini msimu ulipofika hawakuwa na pesa, kwa sababu mapato ya mavuno yalikuwa yamekwisha kwa karo, matibabu na mahitaji mengine. Watafiti waliwafikia baadhi yao mara tu baada ya mavuno, pesa zikiwa bado mfukoni, wakawaomba walipie mbolea kwa bei ya kawaida na kuahidi kuwafikishia bila malipo ya usafiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba hatua hiyo ndogo iliongeza matumizi ya mbolea takriban sawa na ruzuku ya asilimia 50 iliyotolewa wakati wa kukuzia mahindi.

Mfano ufuatao, wenye bei za kukadiria, unaonyesha jinsi kuchelewa kunavyokula faida. Mkulima wa ekari moja anahitaji mifuko miwili. Dukani mfuko ni Sh5,000, na kwa ruzuku ni Sh2,500, lakini akifika ghalani anapata aina ya pili ya mbolea kwa Sh3,500. Ameokoa Sh2,500 kwa mfuko wa kwanza na Sh1,500 kwa wa pili, jumla Sh4,000. Safari moja ya kwenda ghalani na kurudi ni nauli ya Sh300, na kubeba mifuko miwili ni Sh200 zaidi. Akienda mara mbili na kukuta mbolea imekwisha, kisha akaipata mara ya tatu, usafiri utakuwa Sh1,100. Siku tatu za kibarua alizopoteza, kwa Sh400 kila siku, ni Sh1,200. Kati ya Sh4,000 alizookoa, zimebaki Sh1,700.

Ikiwa safari hizo zimemchelewesha kupanda kwa wiki mbili na mvua ikakatika mapema, anaweza kuvuna magunia mawili pungufu. Kwa bei ya Sh3,000 kwa gunia, hiyo ni hasara ya Sh6,000. Mkulima huyu amepata mbolea ya bei nafuu na kubaki chini kwa Sh4,300. Ndiyo maana ghala lililo karibu na mbolea iliyofika kabla ya mvua vina thamani sawa na kupunguziwa bei.

JAMBO LA TATU: UDONGO WA AINA GANI?

Wakulima wawili wanaopakana wanaweza kutia mbolea ile ile kwa kipimo kile kile na kuvuna tofauti. Utafiti uliofanywa Vihiga na Nandi ulibaini kwamba katika takriban theluthi moja ya mashamba yaliyochunguzwa, udongo ulikuwa umechoka mno kiasi kwamba mbolea ya dukani haikurudisha gharama yake. Kilichokosekana ni mboji, yaani masalio ya mimea na samadi yanayooza udongoni na kushika maji na virutubisho. Mashamba ya aina hiyo mara nyingi ni ya wakulima maskini zaidi, wasio na ng'ombe wa kuwapa samadi. Ruzuku ya mbolea peke yake haiwezi kuwavusha.

Tatizo la pili ni asidi. Matumizi ya DAP mwaka baada ya mwaka bila kipimo huongeza asidi ya udongo. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, fosforasi hufungika udongoni na mmea hushindwa kuifikia. Mkulima huona mahindi yana rangi ya zambarau kwenye majani, akaongeza mbolea, na tatizo likabaki. Chokaa ya kilimo hupunguza asidi hiyo, na kipimo cha udongo ndicho huonyesha kiasi kinachohitajika. Vipimo hufanywa katika maabara, zikiwemo za Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, na afisa wa kilimo wa wadi hueleza namna ya kuchota sampuli: kutoka sehemu mbalimbali za shamba, zikichanganywa pamoja, mbali na njia, zizi na mahali palipochomwa takataka.

Kipimo cha mbolea chenyewe pia ni hesabu. Katika majaribio yaliyofanywa kwenye mashamba ya wakulima wa Busia, mbolea ya kukuzia aina ya CAN ilitiwa kwa viwango tofauti: robo ya kijiko cha chai, nusu kijiko, na kijiko kizima kwa kila shimo. Nusu kijiko ndicho kilichorudisha faida kubwa zaidi, wastani wa takriban asilimia 36 ya gharama kwa msimu mmoja. Kijiko kizima kiliongeza mavuno, lakini nyongeza hiyo haikulingana na gharama yake. Mkulima aliyepata mfuko mmoja badala ya miwili hana sababu ya kukata tamaa: kipimo kidogo kilichotiwa kwa uangalifu kinaweza kumlipa vizuri.

JAMBO LA NNE: MKULIMA ANAJUA NINI?

Mwaka 2010 katika mkoa wa Manica, Msumbiji, wakulima walipewa vocha kwa bahati nasibu. Vocha ililipia karibu robo tatu ya bei ya kifurushi chenye mbegu bora za mahindi na kilo 100 za mbolea, na mkulima akalipa sehemu iliyosalia. Ilitolewa kwa msimu mmoja tu. Kwa kuwa waliopata na waliokosa walitenganishwa na bahati peke yake, watafiti waliweza kuwalinganisha kwa haki.

Wengi walitarajia kwamba vocha zikiisha, wakulima wangerudi kwenye kilimo cha zamani. Haikuwa hivyo. Waliopata vocha waliendelea kutumia pembejeo bora na kuvuna zaidi katika misimu iliyofuata, wakitoa pesa zao wenyewe. La ajabu zaidi ni kwamba marafiki na majirani waliozungumza nao kuhusu kilimo, ambao hawakupata vocha, nao walianza kuzitumia. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mbegu na mbolea hiyo inalipa, na habari ikasafiri kutoka shamba moja hadi jingine.

Matokeo ya Manica yanatoa mafunzo mawili. La kwanza, ruzuku ya muda mfupi inaweza kuacha faida ya muda mrefu ikiwa inamfunza mkulima jambo ambalo hakulijua. Ikitolewa kila mwaka kwa mtu anayelijua jambo hilo tayari, hubaki kuwa msaada wa bei tu. La pili, shamba la jirani ni darasa. Afisa wa ugani mmoja hawezi kufika kwa kila boma, lakini shamba la mfano katika kila kijiji linaweza kusomwa na wapita njia wote.

UBORA: FUNZO LA 2024

Mambo yote manne hayana maana ikiwa kilichomo ndani ya mfuko si mbolea. Msimu wa masika wa 2024 uligubikwa na taarifa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku nchini ilikuwa na bidhaa isiyofikia viwango. Uuzaji wa bidhaa hiyo ulisimamishwa, suala likachunguzwa hata Bungeni, na Serikali ikaahidi kuwafidia wakulima walioathirika. Kwa aliyekuwa ameshapanda, fidia haikuweza kurudisha mvua iliyokuwa imepita.

Mkulima hujikinga kwa hatua chache. Anakagua alama ya ubora ya KEBS, jina la mtengenezaji, uzito na tarehe kwenye mfuko. Anakataa mfuko uliofunguliwa na kushonwa upya. Anahifadhi risiti, na anaweka kando kiasi kidogo cha mbolea pamoja na mfuko mtupu hadi mahindi yaote vizuri. Akishuku jambo, vitu hivyo ndivyo ushahidi wake. Ripoti hupelekwa mapema kwa afisa wa kilimo wa wadi, kwa chifu au kwa KEBS. Mkulima anayenyamaza huwaacha majirani zake wanunue bidhaa ile ile.

KAZI YA SERIKALI YA KITAIFA NA KAZI YA KAUNTI

Wakazi wengi huuliza kwa nini kaunti haishushi bei ya mbolea. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia Serikali ya Kitaifa sera ya kilimo, na kuzipa kaunti huduma za kilimo chenyewe: ukuzaji wa mimea, ufugaji na ugani. Mpango mkubwa wa mbolea ya ruzuku ni wa Serikali ya Kitaifa. Wakulima husajiliwa katika wadi zao, majina huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, na aliyesajiliwa hupokea ujumbe kwa simu kabla ya kununua.

Hapo ndipo kaunti huingia. Kipimo cha udongo, mafunzo, mashamba ya mfano, usajili wa haki na ghala lililo karibu ndivyo vitu vinavyoamua kama mfuko wa bei nafuu utakuwa gunia la mahindi. Ni vitu ambavyo havipigwi picha kama lori la mbolea, na kwa hivyo ni rahisi kusahaulika wakati wa kugawa fedha.

Mkazi ana nafasi tatu za kuvikumbusha kila mwaka wa fedha. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, Taarifa ya Mikakati ya Fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maoni ya umma hukusanywa katika hatua hizo. Kikundi cha wakulima kikifika na ombi mahususi, kwa mfano afisa mmoja zaidi wa ugani katika wadi au siku ya kupima udongo kabla ya masika, ombi hilo huandikwa na linaweza kufuatiliwa. Ombi la jumla la "tusaidiwe wakulima" ni vigumu kulifuatilia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji, ni nani hajasajiliwa kwa mbolea ya ruzuku ilhali ndiye anayeihitaji zaidi? Kilichomzuia ni nini: kitambulisho, simu, umbali au habari?

2. Msimu uliopita, kila mwanakikundi alitumia pesa ngapi kwa usafiri na siku ngapi kufuata mbolea? Je, wanakikundi wakikusanya pesa na kukodi gari moja, kila mmoja angeokoa kiasi gani?

3. Ni wanakikundi wangapi wamepima udongo katika miaka mitatu iliyopita? Waliopima waliambiwa nini, na walibadilisha nini?

4. Mara tu baada ya mavuno, kikundi kinaweza kuweka akiba kiasi gani kwa mbolea ya msimu ujao kabla ya pesa kuisha?

5. Ikiwa bei ya ruzuku itapanda au mpango utasitishwa mwaka ujao, shamba litaendelea kutunzwa kwa njia gani? Ni samadi, mboji na mabaki ya mimea kiasi gani hupotea au kuchomwa kila msimu?

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi, na linafaa kupewa muda. Ruzuku hutegemea bajeti na bei ya dunia, na vyote viwili hubadilika bila kumwuliza mkulima. Rutuba ya shamba, akiba ya kikundi na maarifa ya kutumia nusu kijiko mahali pake hubaki mikononi mwake hata mwaka ambao lori la mbolea halikufika.